Mdogo Wangu Aliyechelewa Kusimama Dede

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu nyumbani akaonwe na watu wake. Ana miezi kumi na moja na meno manne, na ameshaanza kujishikilia kwenye viti vya sebuleni kwetu mjini. Nilibeba na kigari chake cha plastiki, kile chenye magurudumu madogo kinachopiga muziki mtoto akibonyeza, maana bila hicho hatulii. Nilipomweka uani kwa mama, magurudumu yalizama mchangani. Muziki ukaendelea kulia, mtoto akabaki ananing'inia mle ndani kama kuku kwenye tenga. Mama alimtazama kidogo, akamtoa, akamsimamisha mchangani miguu mitupu, akampa vidole viwili vya kushika.

"Dede," akamwambia. "Simama dede, mama. Dede."

Rafiki yangu, nilikuwa nimesimama mlangoni na begi mkononi. Nililiweka chini, nikakaa mkekani, na kwa muda sikumsikia mtu yeyote aliyekuwa ananisalimu. Nilikuwa nimerudi kwenye mwaka ule mmoja ambao nyumba yetu nzima, asubuhi na jioni, ilikuwa ikisubiri mtu mmoja mdogo asimame.

Kijiji chetu kiko mbele ya Madimba, ukielekea mdomo wa Ruvuma. Enzi hizo hapakuwa na mtambo wa gesi wala barabara yake. Njia ilikuwa ya mchanga mlaini unaomeza kisigino, na baiskeli ilisukumwa zaidi kuliko kupandwa. Asubuhi ilianza kwa mwangwi wa vinu, nyumba moja ikianza na nyingine ikiitikia. Wanaume walikwenda kwenye mashamba ya chumvi, wanawake walisubiri maji yapwe waende pwani kuchokoa pweza na kuokota kome. Wakati wa kiangazi tulichimba ming'oko, mizizi minene ya porini, tukaichemsha kwa chumvi na pilipili, tukaila mpaka midomo ikatuwaka. Msimu wa korosho ukifika, kijiji kizima kilinuka mabibo, na nzi waliopita walikuwa wamelewa.

Baba alifanya kazi ya chumvi. Nyayo zake zilikuwa na nyufa ambazo mama alizipaka mafuta ya nazi kila jioni. Mama alilima muhogo na mbaazi. Na tulikuwa na Bibi, mama yake baba, aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma na kuvukia huku wakati wa vita vya kule. Kiswahili chake kilikuwa safi alipofurahi. Akikasirika Kimakonde kiliingia katikati ya sentensi na hakikutoka. Mimi aliniita mke mwenzangu, na mdogo wangu wa kiume alipozaliwa, alimpokea kwa mikono miwili akasema, "Mume wangu amerudi safari."

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi ya kumbeba ikawa yangu, na wala sikuilalamikia. Mama alinipa kanga yake ya zamani iliyolainika kwa kufuliwa, hiyo ndiyo ikawa mbeleko yetu. Nilijifunza kuinama, kumtupia mgongoni, kumtandaza miguu kiunoni mwangu, kuivuta kanga chini ya makwapa na kuifunga kifuani, yote kwa muda wa mama kuchochea moto. Nilikwenda naye kisimani, nilitwanga naye, nilicheza naye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Katika rede wenzangu walipitisha sheria kwamba mpira ukimgonga mtoto haukuhesabiwa, kwa sababu angeweza kuumia. Basi mimi nikawa nageuza mgongo kila mpira ukija. Nilishinda wiki nzima mpaka sheria ikafutwa na nikaambiwa nimweke mume wa Bibi pembeni kwanza.

Shingo yake ilikaza kwa wakati wake. Alijipindua, akakaa, akacheka, akaota meno. Kisha akabaki hapo hapo. Jirani yetu, mwanamke wa Mikindani aliyeolewa kijijini kwetu, alikuwa na binti aliyezaliwa mwezi mmoja na mdogo wangu. Binti yule alitambaa, akashika ukuta, akasimama, akaanza kukimbiza bata. Mdogo wangu hakutambaa hata siku moja. Yeye alisota. Alikaa kitako, mguu mmoja ameukunja, wa pili anautumia kama kasia, mikono inasukuma pembeni, na alikwenda kwa kasi ya kushangaza. Alizunguka ua mzima hivyo. Ukitoka asubuhi ulikuta mstari mpana mchangani, utadhani mtu amekokota gunia. Kaptula zake zote zilitoboka nyuma, mama akazitia viraka, viraka navyo vikatoboka.

Sisi watoto tuliona ni mchezo. Lakini alipofikisha mwaka na nusu, nilianza kuona mama hampeleki tena kwenye shughuli za watu. Aliniachia nyumbani akaenda peke yake. Akirudi, kabla hajavua ushungi, alimshika miguu, akaibonyezabonyeza, akaiachia.

Siku moja nilikuwa namenya muhogo nyuma ya jiko, jirani akaja kuomba moto. Hakujua kama nipo.

"Shoga, usinielewe vibaya," alimwambia mama. "Lakini huyu binti yako amemlemaza mwenzie. Kutwa mtoto yuko mgongoni. Miguu ataijulia wapi?"

Nilisikia tu mfuniko wa sufuria ukiwekwa.

Nilikuwa mtoto, nikalichukua neno lile kama lilivyo. Kesho yake sikumbeba. Nilimweka mchangani nikaenda kisimani mgongo mtupu, yeye akisota nyuma yangu na kulia mpaka kwenye ua wa makuti. Alipandisha mikono yote miwili, vile alivyokuwa akifanya akitaka kubebwa, nami nikageuza uso. Nilifanya hivyo siku tatu. Kila siku nililia njiani, nikanawa kisimani, nikarudi.

Siku ya tatu Bibi aliniita. Alikuwa anachambua kome kwenye ungo.

"Mke mwenzangu, mume wetu amekukosea nini?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea atafoka, atakwenda kumsema jirani kwa Kimakonde mpaka kijiji kisikie. Hakufanya hivyo. Aliacha kome, akaangalia mikono yake yenye matope. Kisha akanyanyuka akamwendea mama. "Kesho tumpeleke zahanati," alisema. "Na huyu binti aje pia."

Tulitoka alfajiri, sisi wanawake watatu na mtoto, kwa zamu za kumbeba. Zahanati ilikuwa kijiji cha pili, nyumba ya chumba kimoja na baraza. Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa na haraka hata kidogo. Alimlaza mdogo wangu kwenye benchi, akaikunja miguu yake na kuinyoosha, akamtekenya nyayo. Kisha akamkalisha sakafuni, akatikisa kopo tupu la dawa alilotia punje za mahindi. Mdogo wangu akalifuata kwa kusota, kasi yake ile ile, akalifikia, akalitia mdomoni.

Nesi akacheka kidogo. "Kwenu kuna mwingine aliyesota hivi akiwa mdogo?"

Mama akasema hakuna.

Bibi alikuwa anatazama dirishani. "Yupo," akasema. "Baba yake."

Mama aligeuka. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia nini? Alisota mpaka watu wakatupa majina. Alitembea amepita miaka miwili." Bibi aliongea polepole, bado anaangalia nje. "Nilimvusha Ruvuma akiwa mchanga, yuko mgongoni. Na huku tukakaa miezi tunahama, leo hapa, kesho pale. Sikumweka chini. Niliogopa kumweka chini. Alipochelewa, nikajua ni mgongo wangu uliomharibu. Nikanyamaza nalo."

Mdogo wangu alikuwa akigonga kopo sakafuni. Mimi sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Bibi anaweza kuwa na jambo la kunyamaza nalo, tena jambo lile lile langu.

Nesi alivuta kigoda akakaa karibu naye. "Bibi, mgongo hauharibu miguu," alisema. "Mtoto akiwa mgongoni hakai bure. Wewe ukiinama, yeye anajishikilia. Ukigeuka, anakaza shingo na kiuno. Hapo ndipo anapojifunza kujizuia asianguke. Sasa kuna watoto ambao hawatambai, wanasota, na wengi wao huchelewa kusimama. Mara nyingi ni jambo la ukoo, mtoto karithi. Huyu miguu yake ina nguvu. Bado hajapata sababu ya kusimama, basi."

Akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimeanza kulia. "Na wewe ndiye mlezi wake?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umemlea vizuri. Mbebe mkiwa safarini. Mkifika, mshushe acheze."

Alitupa na kazi. Tumlaze kifudifudi kila siku, tumwekee vitu juu ya kigoda ili anyanyuke kuvifuata, tumsimamishe mahali laini. Tumrudishe kila mwezi amwone, na akifunga miaka miwili bila kusimama tumpeleke hospitali mjini. Kwenye kurudi, Bibi mwenyewe alimwinua akamfunga mgongoni mwangu, akakaza fundo la mbeleko kifuani. "Kumbe hatukukosa, mke mwenzangu," alisema. Akatangulia mbele, na nakuapia alitembea kwa haraka kuliko sisi wote.

Jioni ile mama alimwambia baba. Baba alikuwa ameketi na ndoo ya maji miguuni.

"Nani alisota?"

"Wewe."

"Mimi?" Alimgeukia Bibi. "Mama, mimi nilisota?"

"Mpaka kaptula zikaisha," Bibi akamjibu.

Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu masika. Baba alijaribu kununa, ikamshinda. Kesho yake alitafuta tawi la mkorosho, akachonga kigari cha kusukuma cha magurudumu matatu, akayazungushia mpira wa kandambili kuukuu yasizame mchangani. Kilipiga kelele ya kukwaruza iliyosikika nyumba ya nne. Mwanzoni mdogo wangu alikitumia kukaa juu yake na kutusubiri tumsukume.

Bibi alikuwa na yake. Maji yakipwa alitupeleka pwani, akachimba shimo kwenye mchanga ulioloa, la kumfika mtoto magotini, akamsimamisha mle na kuukandamiza mchanga kuzunguka miguu. Mtoto hawezi kuanguka hapo, akiegemea huku mchanga unamrudisha kule. Tulimpangia vigamba vya kome mbele, na kaa wadogo tuliowakata magando. Yeye aliinama, akachukua, akanyooka, akapiga kelele za furaha. Siku za kwanza alichoka upesi, magoti yakamlegea. Baada ya wiki kadhaa akawa anasimama muda ambao Bibi anamaliza kuchokoa pweza wawili. Watoto wote wa rika langu walikuja kumzunguka, hata wale wa rede, tukiimba dede, dede, naye anatingisha kiuno. Sijui kama nimewahi kucheka vile tena. Matope mpaka kwenye nywele, njaa inauma, na tunapika kome pale pale kwa kuni za mikoko iliyokauka.

Kisha ikaja siku ya bamvua, zile siku ambazo bahari inarudi nyuma mbali sana na kurejea kwa haraka. Bibi alikuwa ameinama kwenye mwamba. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka shimoni, nasuuza kome kwenye ndoo. Maji yakaanza kuingia, membamba, ya kufika kifundo cha mguu. Niliposikia yamegusa miguu yangu niligeuka nimtoe mdogo wangu, na shimo lilikuwa tupu. Mchanga ulikuwa umemomonyoka.

Niliitupa ndoo. Lakini yeye alikuwa pale, hatua mbili upande wa pili wa shimo, amesimama majini peke yake. Hakushika kitu. Alikuwa anaangalia maji yanayopita kati ya miguu yake. Akainua mguu, akauweka. Akainua wa pili. Mikono ameitanua pembeni, mdomo wazi. Nilihesabu hatua sita, kisha akakaa chini, pwaa, akanitazama kwa mshangao mkubwa. Nilimnyakua, nikapiga kelele kumwita Bibi. Bibi alipoinua kichwa aliona mtoto aliyeloa na dada anayelia.

Hakuna aliyeniamini. Bibi alisema huenda. Mama alinishika bega akasema, "Asante mwanangu, lakini usiniongopee ili nifurahi." Hilo liliniuma. Jioni nilimsimamisha uani mbele ya wote, nikamwachia, akakunja mguu akakaa na kuanza kusota. Nilijaribu kesho yake, na kesho kutwa. Aligoma kwa karibu wiki mbili nzima. Nilimwambia sikioni kwamba mimi na yeye tunajua, na atanitoa aibu akitaka.

Alitaka siku ya Idi. Mama alikuwa amemshonea kanzu nyeupe. Fundi cherehani alikuja kumpima nyumbani, na kwa kuwa mtoto hakusimama, alimpima ameketi mapajani mwa mama. Asubuhi ile ua ulikuwa umejaa, maana kwetu ndiko kulipopikiwa pilau ya nyumba nne. Mdogo wangu tulimkalisha mkekani na kanzu yake. Wanaume walipotoka kusali walipita uani wakipeana mikono, baba yuko nyuma ya wote na kofia mpya. Alimpita mtoto bila kumwona, akaelekea barazani.

Mdogo wangu alimwangalia akienda. Akaweka viganja mkekani, akainua makalio juu, akanyooka. Akatoka mkekani akamfuata baba.

Jirani yetu wa Mikindani ndiye aliyemwona wa kwanza. Alikuwa na mwiko wa pilau mkononi. "Dede," alisema, kwa sauti ndogo kabisa, kama anaogopa kumshtua. Mwingine akasema dede. Ua mzima watu wanasema dede chinichini, na yeye anakwenda, anayumba, mikono juu, kanzu imeishia magotini kwa vile ilipimwa mtu ameketi. Baba aligeuka akamkuta ameng'ang'ania kanzu yake. Hakumnyanyua. Alikaa chini mchangani na nguo za Idi, akamtazama usawa wa macho.

Vigelegele vilivyopigwa, mtu wa mbali angedhani kuna harusi. Mama alilia kwa kwikwi. Jirani alimjia akamkumbatia, kisha akanijia mimi. "Mwanangu, nilisema neno baya," aliniambia. "Nisamehe." Akanijazia sahani pilau ya nyama tupu, nami nikamsamehe kabla sijafika nusu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anafuta macho kwa ncha ya kanga na kumwambia kila anayepita kwamba mume wake ametoka kwa ukoo wa watu wasiokuwa na haraka.

Sasa ni mtu mzima, ana ndevu na pikipiki. Hatembei hata kwenda dukani. Nyumba na duka vinatazamana, naye anawasha pikipiki. Nilipomsimulia mwezi uliopita habari ya shimo na ya kanzu, alicheka sana, kisha akauliza, "Mimi?" kwa sauti ya baba kabisa. Hakumbuki lolote. Na angekumbukaje? Ndiyo maana nakusimulia wewe. Mtu hajui siku aliyosimama. Anatunziwa na wengine, na wengine wanaondoka. Bibi amelala makaburini, baba naye, jirani alirudi kwao Mikindani na nasikia hasikii vizuri tena. Pale Bibi alipochimba mashimo bahari imekula ufuko, na wanawake wa kuchokoa pweza wamebaki wachache. Watoto wa sasa wanasimama kwenye saruji, mama zao wanahesabu miezi kwenye simu. Wanatembea salama, namshukuru Mungu. Lakini wanatembea mbele ya watu wawili au watatu.

Kabla sijaondoka nilimwuliza mama, mimi nilianza kutembea wapi, na nani aliniona.

Mama alifikiri. Alikuwa amemshika binti yangu vidole, mtoto anakanyaga mchanga kwa mashaka. "Wewe?" alisema. "Wewe ulitembea tu, mwanangu. Hukunisumbua. Wala sikumbuki." Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza kitu cha mwenzake. "Bibi yako angekwambia. Siku zile ulikuwa unashinda naye."

Miaka yote ile niliishi naye nyumba moja, nikalala naye kitanda kimoja, na sikuwahi kumwuliza.